Mnyonge Katika Mbio za Matajiri

Kwa mkazi wa visiwani, mbio za magari za Kimarekani ni jambo la mbali. Resi tunazozijua sisi ni za ngalawa, na furaha yetu ni kuona tanga kuukuu lenye viraka likilipita tanga jipya. Walakini ndani ya mbio hizo za mbali limo jambo linalostahili kutazamwa kwa makini na mwananchi wa kawaida, na zaidi na mtumishi wa serikali ambaye kazi yake ya kila siku ni kuandika kanuni, kugawa fedha na kuhesabu. Jambo lenyewe ni hili: yawezekanaje timu ndogo, isiyo na tajiri nyuma yake, ikaingia katika mchezo wa gharama kubwa, ikadumu humo, na pengine ikashinda? Na pale inapotoweka, ni nani aliyeitoa?

Mchezo tunaouzungumzia ni ule wa magari ya dukani, yaani magari ambayo kwa sura ni yale yale anayoyanunua mwalimu au mkulima wa huko. Chama kinachousimamia, NASCAR, kilisajiliwa Februari 1948, na makao yake yakawa Daytona Beach katika jimbo la Florida. Mbio za kwanza za daraja lake kuu zilifanyika Charlotte, North Carolina, tarehe 19 Juni 1949. Kanuni ya siku ile ilikuwa nyepesi kueleweka: gari liwe kama lilivyotoka dukani, lisiongezwe wala kupunguzwa kitu. Kwa kanuni hiyo mtu yeyote mwenye gari zima na moyo mgumu aliweza kujiandikisha.

Aliyefika wa kwanza siku hiyo aliitwa Glenn Dunaway. Wakaguzi walipoinama chini ya gari lake wakakuta springi za nyuma zimetengenezwa kwa namna ya pekee, ile waliyoitumia wachukuzi wa gongo ili gari lisibonyee kwa uzito wa shehena na kuwatia askari mashaka. Dunaway akanyang'anywa ushindi, akapewa Jim Roper wa Kansas aliyekuwa amefuata nyuma yake. Mwenye gari akaenda mahakamani, akashindwa. Hivyo tangu siku ya kwanza kabisa mshindi wa mchezo huu alipatikana mara mbili: mara ya kwanza uwanjani, na mara ya pili mezani kwa wakaguzi. Msomaji ashike hilo, kwani tutalirudia.

Magari ya dukani hayakudumu kuwa ya dukani. Kadiri mwendo ulivyoongezeka, ndivyo chuma kilivyobidi kuongezwa ili dereva asife, na kadiri viwanda vya Detroit vilivyogundua kwamba gari linaloshinda Jumapili huuzika Jumatatu, ndivyo fedha zilivyomiminika. Kufikia miaka ya 1970 gari la mashindano lilikuwa kitu kinachoundwa upya tangu chasisi, likabakiwa na sura tu ya lile la dukani.

Hebu sasa tuitazame karakana ya mtu wa chini katika mchezo huo. Gharama yake ya kwanza ni injini. Injini inayozungushwa kwa nguvu zake zote kwa maili 500 haiwezi kurudishwa uwanjani wiki inayofuata kana kwamba imetoka sokoni. Sharti ifunguliwe yote, ipimwe, vipuri vilivyochoka vitupwe, ifungwe tena. Timu kubwa ina injini moja ya kutafutia nafasi ya kuanzia, nyingine ya mashindano yenyewe, na nyingine imelala juu ya lori ikisubiri msiba. Mwenye timu ndogo ana mbili, na mara nyingi ya pili iko mezani vipande vipande. Kwa hiyo anapofika mazoezini hujizuia. Wenzake wanakimbia mizunguko hamsini kutafuta gari linapendelea nini; yeye anakimbia kumi, kisha analizima, kwa sababu kila mzunguko wa mazoezi unakula uhai wa injini ambayo keshokutwa itamlisha.

Gharama ya pili ni matairi, na hapa ndipo mnyonge anapotambulikana hata na mtoto. Tairi la mashindano hupoteza mshiko wake baada ya mizunguko michache tu. Gari lenye matairi mapya hulipita lenye matairi ya zamani kama kijana anavyompita mzee kwenye ngazi. Timu tajiri huvalisha matairi mapya kila gari linaposimama. Timu ndogo hujiuliza: tubadilishe manne au mawili? Au tukae nayo haya haya, tukitegemea ajali ya wengine itasimamisha mwendo? Wako waliozunguka kwa wakubwa jioni ya Jumamosi kununua matairi yaliyokwisha kutumika mazoezini, ambayo kwa tajiri ni takataka, na kwao ni akiba ya mashindano mazima.

Kisha liko lori la kubebea gari, mafuta ya lori, vyumba vya kulala mafundi, na chakula chao. Mafundi wenyewe wengi ni watu wa kujitolea, wenye kazi nyingine wiki nzima, wanaokuja usiku kwa mapenzi. Juu ya yote hayo ipo hofu ya kugonga ukuta. Tajiri akigonga, huteremsha gari la pili. Mnyonge akigonga amepoteza mashindano ya leo na ya wiki ijayo, na labda nyumba. Ndiyo sababu dereva anayemiliki timu yake mwenyewe huendesha mguu mmoja ukiwa juu ya mafuta na mkono mmoja ukiwa mfukoni. Watazamaji humwona mwoga. Ukweli ni kwamba yeye peke yake, kati ya wote waliomo uwanjani, ndiye anayejua bei ya kila kitu anachokikaribia.

Katika historia ya mchezo huo yuko mtu mmoja aliyeifanya hali hiyo kuwa silaha. Jina lake Alan Kulwicki, mzaliwa wa Wisconsin mwaka 1954, mbali sana na majimbo ya kusini ambako mbio hizi zina mizizi yake. Baba yake alikuwa fundi wa injini za mashindano. Kijana akasoma uhandisi wa mitambo katika Chuo Kikuu cha Wisconsin mjini Milwaukee na kuhitimu mwaka 1977, jambo ambalo wakati ule lilikuwa adimu miongoni mwa madereva. Alikimbia katika viwanja vidogo vya nyumbani kwao, akashinda, akajulikana. Mwaka 1985 aliuza karibu kila alichonacho ili ahamie Charlotte kujaribu bahati yake katika daraja la juu. Siku mbili kabla ya kuondoka, lori lake likaungua kwa hitilafu ya umeme. Akaazima jingine, akafunga trela lenye samani na zana zake, akaondoka.

Mwaka 1986, baada ya mwenye gari alilokuwa akiliendesha kuacha kumsaidia, Kulwicki aliunda timu yake mwenyewe. Alikuwa mmiliki, dereva, fundi mkuu na mhandisi. Mali yake yote ilikuwa gari moja, injini mbili, na wafanyakazi wawili wa kudumu. Kwa vitu hivyo, mbele ya timu zilizojaa magari na watu, alimaliza mwaka akitunukiwa heshima ya dereva bora miongoni mwa wageni wa daraja hilo. Ushindi wake wa kwanza ulikuja Novemba 1988 huko Phoenix, Arizona. Baada ya kuvuka mstari aligeuza gari, akauzunguka uwanja kinyumenyume cha mwendo wa kawaida ili dirisha la dereva liwaelekee watazamaji naye awapungie mkono. Alikuwa na asili ya Kipolandi, na mzunguko ule ukapewa jina la kabila lake.

Waliofanya kazi naye hawakumwona mtu mwepesi. Alitaka kila kitu akikague mwenyewe, kila skrubu aione kwa macho yake, na mafundi wengi walimchoka wakaondoka. Lakini mtu mwenye injini mbili hana uwezo wa kuwa na fundi mzembe, na ni rahisi kwetu kumlaumu tukiwa tumekaa kitini.

Mtihani wake mkubwa haukuwa wa mwendo. Ulikuwa wa mdhamini. Katika mchezo ule, mdhamini ndiye anayelipa. Jina la kampuni yake huandikwa ubavuni mwa gari, na kwa malipo hayo timu hula. Mwisho wa msimu wa 1990 mdhamini wa Kulwicki aliondoka. Hapo akaja Junior Johnson, mzee mashuhuri wa North Carolina aliyekuwa dereva hodari kabla ya kuwa mmiliki wa timu kubwa, akamtaka aache karakana yake aje kumwendeshea kwa dola milioni moja. Haikuwa mara ya kwanza kwa Johnson kumtaka. Kulwicki akakataa tena, kwa kuwa aliamini kwamba amekwisha kukubaliana na kampuni moja ya kahawa. Kampuni ile ikaishia kwa Johnson.

Basi mwaka 1991 ulimkuta hana tajiri. Mashindano ya kwanza, kule Daytona, gari lake lilibeba jina la jeshi la nchi kavu la Marekani, kwani ulikuwa wakati wa Vita vya Ghuba na magari matano yalivishwa majina ya majeshi kuwaunga mkono askari. Nayo ilikuwa kwa siku hiyo tu. Mashindano mawili yaliyofuata alikimbia na gari jeupe tupu, akilipia kila kitu kutoka mfukoni mwake. Mashindano ya nne yalikuwa Atlanta. Kampuni ya mikahawa ya Hooters, yenye asili ya mji huo huo, ilikuwa imeweka jina lake juu ya gari jingine, na gari hilo likashindwa kupata nafasi ya kuanza. Kampuni ilikuwa na wageni wake uwanjani na haikuwa na gari. Kulwicki alikuwa na gari na hakuwa na kampuni. Wakakubaliana kwa mashindano hayo mamoja. Alimaliza wa nane, na mapatano yakaendelea. Mtu anaweza kusema ni bahati. Bahati ilikuwapo, bila shaka. Lakini ilimkuta yuko uwanjani, gari lake limekaguliwa na limekubaliwa, wakati ambapo mtu mwingine angekwisha kufunga mlango na kupokea ile milioni.

Tufike sasa mwaka 1992. Mwezi wa Septemba, katika mashindano ya Dover, Kulwicki aligonga, na hesabu ikaonyesha kwamba yuko nyuma ya kiongozi, Bill Elliott, kwa pointi 278, na yamebaki mashindano sita tu. Elliott alikuwa akiendesha gari la nani? La yule yule Junior Johnson aliyekataliwa. Waandishi wa habari wakamwondoa Kulwicki katika hesabu zao. Yeye hakujiondoa. Wiki baada ya wiki alimaliza karibu na mbele, ilhali Elliott aliandamwa na mikosi ya gari, hata ilipofika siku ya mwisho, tarehe 15 Novemba huko Atlanta, aliyeongoza alikuwa Davey Allison, Kulwicki yuko nyuma yake kwa pointi 30, na Elliott kwa pointi 40.

Siku ile ilikuwa na mambo mengi. Richard Petty, bingwa mara saba, alikuwa akiaga; kijana aliyeitwa Jeff Gordon, ambaye baadaye angekuwa bingwa mara nne, alikuwa akianza. Kulwicki alikuwa ameomba ruhusa ya kuondoa herufi mbili za mwanzo katika jina la gari lake, Ford Thunderbird, kwenye bampa la mbele, likasomeka Underbird, yaani kwa lugha yao aliye chini, asiyetarajiwa kushinda. Aliposimama mara ya kwanza kutia mafuta, gia ya kwanza ikavunjika. Kuanzia hapo kila alipotoka kituoni ilibidi mafundi walisukume gari kwa mikono huku yeye akiliondoa kwa gia kubwa, akiomba injini isizimike. Kabla ya mashindano kwisha, Allison akaingizwa katika ajali ya mwenzake na matumaini yake yakavunjika. Wakabaki wawili.

Hapa ndipo tunapomwomba msomaji achukue kalamu. Kwa kanuni za wakati ule, mshindi wa mashindano alipata pointi 175, na wa pili 170. Kila aliyeongoza japo mzunguko mmoja aliongezewa 5, na aliyeongoza mizunguko mingi kuliko wote aliongezewa 5 nyingine. Elliott alikuwa na gari la kushinda, na kwa kweli alishinda; Kulwicki akawa wa pili. Lakini fundi wake mkuu, Paul Andrews, na wenzake walikuwa wamekaa na karatasi wakihesabu mizunguko, nao walijua kwamba Kulwicki akikawia kidogo mbele kabla ya kusimama mara ya mwisho, Elliott hataweza tena kumzidi kwa idadi. Akakawia. Kisha akaingia, akatiwa mafuta kidogo tu, akatoka, akayabana mafuta hayo hadi mwisho. Jumla ikawa hivi: kati ya mizunguko 328, Kulwicki aliongoza 103, Elliott 102. Kila mmoja akapata pointi 180 kwa siku hiyo, na tofauti ya 10 waliyoanza nayo asubuhi ikabaki pale pale: 4,078 kwa 4,068.

Mzunguko mmoja tu ungehama kutoka kwa huyu kwenda kwa yule, Elliott angepata 185 na Kulwicki 175, wangelingana sawasawa, na ubingwa ungekwenda kwa mwenye ushindi mwingi zaidi katika mwaka, ambaye ni Elliott, mwenye mashindano matano kwa mawili ya Kulwicki. Tangu 1992 hadi 2011 hakupatikana tena dereva aliyeuchukua ubingwa akiwa na timu yake mwenyewe, na huyo wa 2011, Tony Stewart, alikuwa na karakana kubwa na mshirika mwenye mali.

Ni desturi kuisimulia habari hii kama habari ya moyo wa mtu mmoja. Moyo ulikuwapo. Lakini moyo peke yake hauelezi kwa nini hesabu ile ilikuwa na maana, na afisa wa serikali anayesoma ukurasa huu atatusamehe tukikaa kidogo juu ya kanuni.

Utaratibu wa pointi uliompa Kulwicki ubingwa ulianza kutumika mwaka 1975. Kabla ya hapo thamani ya mashindano ilibadilika badilika, mara kwa urefu wake, mara kwa fedha zake, na kwa hiyo aliyeweza kushinda yale makubwa machache alikuwa mbele ya aliyehangaika kila wiki. Utaratibu mpya uliyafanya mashindano yote kuwa sawa. Wa kwanza 175, wa pili 170, kisha zinashuka taratibu tano tano, nne nne, tatu tatu, hata gari la 43 likipata pointi 34. Tofauti kati ya kushinda na kuwa wa tano ilikuwa pointi 20 tu. Maana yake ni kwamba mtu anayelinda gari lake, anayemaliza, anayerudi wiki ijayo na injini ile ile, alikuwa na njia ya kumfikia anayeshinda na kuvunja. Wako waliolalamika kwamba utaratibu ule uliwatuza waangalifu kuliko mashujaa. Malalamiko hayo yalikuwa na ukweli ndani yake, na yalitoka zaidi kwa wale ambao kuvunja hakukuwagharimu kitu. Mwaka 2004 utaratibu ukabadilishwa, ukawekwa mchujo wa mashindano ya mwisho, kwa sababu televisheni ilitaka mwisho wenye kishindo.

Huko chini, katika viwanja vidogo vya Jumamosi usiku ambako Wamarekani wengi hujifunzia mchezo huu, ipo kanuni nyingine iliyotufurahisha kwa werevu wake. Baadhi ya viwanja huweka bei maalumu ya injini, na mshindani yeyote aliyetimiza masharti anaweza, mashindano yakisha, kumwendea mshindi na kumlipa bei hiyo, naye mshindi lazima amwachie injini yake. Hakuna haja ya mkaguzi kupekua stakabadhi. Ikiwa umetia dola elfu kumi katika injini inayoweza kuchukuliwa kwa elfu mbili, wewe mwenyewe utajizuia mwaka ujao. Fedha zinafungwa mdomo bila amri wala askari.

Kanuni nyingine zilizaa matunda ambayo hakuna aliyeyapanda. Katika miaka ya mwisho ya 2000 na mwanzoni mwa miaka ya 2010, hata gari la mwisho katika daraja la juu lililipwa makumi ya maelfu ya dola. Timu kadhaa ndogo zikapiga hesabu: kukimbia maili 500 kunataka seti nyingi za matairi, mafundi wa kituoni na injini ya kuharibu, kukimbia mizunguko michache kisha kulirudisha gari kibandani kwa kisingizio cha breki au joto kunataka seti moja. Wakafanya hivyo, waziwazi, wiki baada ya wiki. Watazamaji walizomea. Mwandishi wa makala haya haoni kwamba aibu yote ilikuwa yao. Baadhi walikuwa wakitafuta fedha za kukimbia kikamilifu katika mashindano mawili matatu ya mbele. Wengine, ni kweli, walikuja kuchuma tu. Kanuni haikuweza kuwatenganisha, na ilipobadilishwa ili kuwazuia wachumaji, iliwabana wote pamoja.

Tangu 2016 daraja la juu linaendeshwa kwa hati. Hati 36 zilitolewa kwa timu zilizokuwapo, na gari lenye hati huanza kila mashindano na kupata fungu kubwa la fedha. Nafasi zilizobaki kwa wasio na hati ni nne. Hati zinauzwa, na bei yake imefikia makumi ya mamilioni ya dola. Wenye timu walizitaka ili wawe na mali ya kushika mkononi badala ya chuma chakavu siku wanapofunga, na hoja yao haikuwa ya kipuuzi, kwa kuwa timu ya Kulwicki yenyewe haikuwa na kitu kama hicho. Lakini kijana wa Wisconsin mwenye lori la kuazima na injini mbili angeupitia mlango upi leo? Hata wenye hati hawakuridhika: Oktoba 2024 timu mbili, moja ikiwa na mchezaji wa zamani wa mpira wa kikapu Michael Jordan miongoni mwa wamiliki wake, zilikishitaki chama kwa kuhodhi biashara, na shauri likamalizwa kwa suluhu Desemba 2025.

Wala ubingwa si kinga. Timu ya Furniture Row ilikuwa Denver, Colorado, mbali na Charlotte walikojazana wengine wote. Mwaka 2017 iliuchukua ubingwa kwa mikono ya Martin Truex Mdogo. Mwaka uliofuata mdhamini wake mmoja mkubwa akatangaza kuondoka, na msimu wa 2018 ulipokwisha timu ikafunga milango, ingali na kikombe kabatini.

Kulwicki hakuishi kuyaona hayo. Tarehe 1 Aprili 1993, miezi minne na nusu baada ya Atlanta, ndege ndogo ya mdhamini wake iliyokuwa ikimpeleka kwenye mashindano ya Bristol ilianguka Tennessee ikikaribia kutua. Walikufa wote wanne waliokuwamo. Alikuwa na miaka 38. Asubuhi iliyofuata lori la timu yake liliingia uwanjani Bristol, mvua ikinyesha, likazunguka polepole likiwa na shada jeusi, kisha likatoka na kuelekea nyumbani. Timu ikauzwa kwa dereva mwenzake, Geoff Bodine.

Tumesema mshindi hupatikana pia mezani. Yuko mtu aliyelijua hilo kuliko Kulwicki. Wendell Scott alizaliwa Danville, Virginia, mwaka 1921. Alikuwa Mmarekani Mweusi katika kusini ya ubaguzi, dereva wa teksi, fundi wa magari wa jeshi katika Vita Kuu ya Pili, mchukuzi wa gongo kwa muda, kisha mwenye gereji. Alianza mbio mwaka 1952 na kuingia daraja la juu mwaka 1961. Viwanda havikumpa kitu. Magari yake yalikuwa yaliyokwisha kutumiwa na wengine, mafundi wake walikuwa watoto wake, na yeye mwenyewe mara nyingi alitoka katika kiti cha dereva akaingia moja kwa moja chini ya gari. Kwa hali hiyo alikimbia mashindano 495, na mwaka 1966 akamaliza wa sita katika nchi nzima.

Tarehe 1 Desemba 1963, katika uwanja wa udongo wa Jacksonville, Florida, Scott alimpita Richard Petty zikiwa zimebaki karibu mizunguko 25, akaendelea mpaka mwisho. Bendera ya miraba haikupepewa kwa ajili yake. Buck Baker akatangazwa mshindi, akapewa kikombe, watazamaji wakaenda zao. Saa kadhaa baadaye waamuzi wakakiri kwamba hesabu ilikosewa, na kwamba Scott alikuwa mbele ya Baker kwa mizunguko miwili. Scott mwenyewe alisema hawakutaka mtu Mweusi asimame jukwaani pamoja na msichana Mzungu wa kutoa zawadi. Mizunguko ilihesabiwa kwa mkono na watu waliokaa na karatasi, kama alivyokaa Paul Andrews miaka 29 baadaye. Ila hawa walikuwa watu wa chama.

Ushindi uliandikwa kwa jina lake. Kikombe kilikuwa kimekwisha kwenda na Baker. Ajali ya Talladega mwaka 1973 ilimwondoa Scott katika mchezo, naye akafa Desemba 1990 akiwa hajakishika. Mwaka 2015 aliingizwa katika jumba la mashujaa wa NASCAR. Familia yake ilikabidhiwa na chama kikombe cha Jacksonville mwezi wa Agosti 2021, uwanjani Daytona.